CHOMBO KINACHOSHIKA MGUU WA SHOFERE



Ndani ya motokari nyingi za kazi siku hizi kuna kitu kidogo kinacholia: pi, pi, pi. Shofere akipita mwendo uliowekwa, kinalia. Akiendelea kukanyaga, katika motokari nyingine injini yenyewe inakataa kuongeza. Wengine wanakiita polisi, wengine wanakiita mchongezi, na wako wanaokiita kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa, maana watoto nao wanasoma gazeti hili. Leo tuseme juu ya chombo hicho: kimetoka wapi, kinafanya nini, kinashindwa wapi, na kwa nini waya wake unakatwa.

Mtauliza: mambo ya injini yanamhusu nini mtu wa dispansere? Yananihusu sana. Ajali ikitokea, motokari inapelekwa kwa fundi wa garaji, lakini mtu analetwa kwetu. Fundi anaweza kuagiza kipande kipya. Sisi hatuna depo ya maini.

KUANGUKA BILA KUPANDA

Yeyote anayefanya kazi juu ya paa la kiwanda anajua sheria: hakuna kupanda bila mkaba wa usalama. Kila mtu anaogopa kimo kwa sababu anakiona kwa macho. Mwendo hauonekani. Umekaa katika kiti, mlango umefungwa, redio inaimba, unajisikia kama mtu aliye sebuleni kwake. Lakini motokari inayokwenda kilometa 40 kwa saa ikigonga ukuta, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka mita 6. Kwa kilometa 60, ni mita 14. Kwa kilometa 80, ni mita 25. Tazameni vizuri hesabu hiyo. Kutoka 40 mpaka 80 mwendo umekuwa mara mbili, lakini kimo kimekuwa mara nne. Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika: wanafikiri kuongeza kidogo ni kuongeza kidogo tu.

Na mwilini? Motokari ikisimama ghafula, mkaba unaweza kukizuia kifua, lakini vilivyo ndani ya kifua na tumbo vinaendelea na safari. Ubongo unagonga mfupa wa kichwa. Ini linapasuka. Kwetu huku tuna shida moja zaidi, nayo ni malaria. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi anaweza kuwa na bandama iliyovimba, na bandama ya namna hiyo hupasuka kwa pigo ambalo lingemwachia mtu mwingine maumivu tu. Tena mfupa wa paja ukivunjika, hata bila kidonda cha nje, damu inayovuja ndani ya mguu inaweza kupita lita moja. Mtu mzima ana lita kama 5 tu kwa jumla. Ndiyo sababu mnatuona tunakimbia kwa ajili ya mtu ambaye ninyi mnasema "hana kitu, ni mguu tu".

Huyo ni aliye ndani. Sasa aliye nje. Mtoto anafuata mpira wake, anatokea mita 25 mbele ya motokari ndogo. Barabara ni ya lami, ni kavu, freni ni nzima, shofere hakunywa kitu, na anahitaji sekunde moja kushtuka na kukanyaga freni. Kama alikuwa anakwenda kilometa 40 kwa saa, katika sekunde hiyo moja motokari imekwisha kula mita 11, na freni zinahitaji mita nyingine 9. Inasimama mita 5 mbele ya mtoto. Mama yake anamgombeza, majirani wanamgombeza, na mambo yamekwisha. Kama alikuwa anakwenda kilometa 60, sekunde ya kushtuka imekula mita 17. Zimebaki 8, na freni zinahitaji karibu 20. Motokari inamfikia mtoto ikiwa bado na mwendo wa kilometa kama 45 kwa saa. Shofere ni yule yule, freni ni zile zile. Na nimesema lami kavu na motokari ndogo! Kamio iliyobeba mawe, juu ya udongo mwekundu, wakati wa mvua, hesabu yake fanyeni wenyewe.

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linasema kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1,19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba hakuna kitu kingine kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizo. Linasema pia kwamba mwendo wa kawaida barabarani ukiongezeka kwa 1 kwa mia, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa 4 kwa mia. Sisi wa dawa tungesema: hii ni dozi. Ukizidisha kidogo, mwili unajibu kwa mengi.

KIPOFU ALIYETENGENEZA PEDALI

Kutumia chombo ili kuzuia mashini isikimbie kupita kiasi si jambo jipya. Mwaka 1788, huko Uingereza, James Watt alifunga katika mashini yake ya mvuke mipira miwili ya chuma inayozunguka. Mashini ikikimbia mno, mipira inatanuka na kupanda, na kwa kupanda inapunguza mvuke. Ninyi mnaofanya kazi na mashini za dizeli za kutoa umeme mnawajua wajukuu wa chombo hicho.

Kwa motokari, mtu wa kukumbuka ni Mwamerika mmoja, Ralph Teetor. Alipata ajali akiwa mtoto wa miaka 5, akawa kipofu, lakini alisoma mpaka akawa injinia. Inasimuliwa kwamba alipenda kupanda motokari pamoja na mwanasheria wake. Huyo bwana, kila alipozungumza alipunguza mwendo, na kila aliposikiliza aliongeza. Teetor hakuiona barabara, lakini kila mshtuko aliusikia mwilini, mpaka akachoka. Akatengeneza chombo kinachoifanya pedali iwe nzito na kusukuma mguu wa shofere nyuma, mara motokari inapofika mwendo ambao shofere mwenyewe amechagua. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1950, na mwaka 1958 kampani ya Chrysler ikaanza kuuza motokari zenye chombo kilichotokana na kazi yake. Mimi naipenda hadithi hiyo kwa sababu aliyelalamika ni abiria, na malalamiko yake yakazaa kitu cha chuma.

Tangu hapo vyombo vimekuwa vya namna nyingi, na watu wanavichanganya. Kuna kile kinachoshika mwendo mmoja: unaondoa mguu na motokari inaendelea yenyewe. Hicho ni cha kupumzisha mguu katika barabara ndefu iliyonyooka. Katika kambi, penye matope au penye watu wengi, usikitumie kabisa. Cha pili ni kizuizi: injini ikifika mwendo uliowekwa haipewi tena mazutu zaidi, hata ukikanyaga pedali mpaka chini. Huko Ulaya sheria ya mwaka 1992 iliamuru kizuizi hicho kifungwe katika kamio nzito, zisiweze kupita kilometa 90 kwa saa, na baadaye kamio ndogo zaidi ziliongezwa.

Cha tatu ndicho kinachosemwa sana siku hizi. Kina jicho la kamera mbele ya motokari linalosoma vibao vya barabarani, tena kinaweza kutumia ramani pamoja na habari za satelaiti ili kujua motokari iko wapi. Ukiingia mahali pa kilometa 50, kinajua ni 50. Ukipita, kinalia, au pedali inatetemeka, au inausukuma mguu wako kama ile ya Teetor, au injini inapunguzwa nguvu polepole. Wasuedi walikijaribu kati ya mwaka 1999 na 2002 katika miji minne, yaani Umeå, Borlänge, Lidköping na Lund, kwa motokari maelfu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 7 Julai 2024, kila motokari mpya inayouzwa lazima iwe nacho.

Jueni neno moja muhimu: chombo hicho hakimnyang'anyi shofere usukani. Akikanyaga pedali kwa nguvu, kinamwachia, maana inaweza kutokea haja ya kukimbia hatari. Anaweza pia kukizima kwa safari moja, lakini akiwasha injini tena, nacho kinaamka tena.

Kitafaa kwetu? Kamera haisomi kibao kisichokuwapo, wala kibao kilichofunikwa na vumbi, wala kile kilichochukuliwa na mtu kwenda kutengeneza sufuria. Kwa hiyo kwenye barabara zetu nyingi, kizuizi cha kawaida kilichowekwa mwendo mmoja kinafanya kazi ya hakika kuliko jicho hilo la Ulaya. Ndani ya eneo la mgodi ni jambo jingine. Huko barabara zote ni zetu, zinajulikana, na chombo kinaweza kuambiwa kwa satelaiti: hapa karibu na lango ni 20, pale kwenye barabara ya kariere ni 40. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kungoja vibao vya barabara kubwa.

MAMBO YA KENYA

Wako ndugu wanaosema vitu hivi ni vya Wazungu. Sivyo. Mwaka 2003 waziri wa usafirishaji wa Kenya, John Michuki, alitoa amri iliyoanza kufuatwa mwezi wa Pili mwaka 2004. Kila matatu, yaani zile taksi-basi za kwao, ilipaswa kufungwa kizuizi cha kilometa 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkaba wake. Magari yaligoma, watu walitembea kwa miguu siku kadhaa, lakini waziri hakurudi nyuma. Hata leo Wakenya wanaziita sheria hizo kwa jina lake.

Je, ajali zilikwisha? La. Baada ya muda, wenye magari wengine walijifunza kukata waya wa kizuizi, au kuweka kiwashio cha kificho chini ya usukani: polisi akiwa mbele kizuizi kinafanya kazi, polisi akiachwa nyuma kinalala. Na kwa nini shofere wa matatu akate waya? Hapendi kufa kuliko wewe na mimi. Amepewa kiasi cha franga za kumletea mwenye gari kila jioni, na zinazobaki ndizo zake. Chombo kinamwambia 80, mfuko unamwambia 110. Waya ukakatwa.

Nawaomba mfikiri sana juu ya jambo hilo, kwa sababu linatugusa sisi wenyewe.

Siku moja mama mmoja alikuja dispansere pamoja na bwana wake, shofere wa kamio. Bwana alikuwa na maumivu ya kichwa. Mama akaniuliza: "Munganga, ile kintu inalialia mu motokari ya bwana yangu, haiwezi kumuharibia moyo?" Nikamwuliza inalia mara ngapi. Akasema: "Anasema inalia siku yote." Nikamjibu: "Basi, mama, anapita mwendo siku yote." Mama akacheka. Bwana hakucheka. Akasema polepole: "Munganga, chombo kinanihesabia mwendo, na kapita ananihesabia safari. Sasa nisikie nani?"

Nilipima mkazo wa damu yake, ulikuwa juu, nikampa dawa. Lakini ulizo lake halina dawa katika kabati yangu. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kutoka kariere mpaka kiwanda ni kilometa 10, kwenda na kurudi 20. Kupakia na kumwaga kunachukua dakika 15. Kwa kilometa 40 kwa saa, safari nzima ni dakika 45, na katika saa 8 za kazi zinatoka safari 10, bila kuhesabu hata dakika moja ya kula. Kwa kilometa 60 kwa saa, safari ni dakika 35, zinatoka 13. Basi, kiongozi anayeomba safari 13 kwa zamu ameomba kilometa 60 kwa saa, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyesimamisha kibao cha 40. Na shofere anayesifiwa mbele ya wenzake kwa safari 13, amesifiwa kwa kukimbia.

Kwa hiyo nasema wazi: waya unaanza kukatwa kwenye meza ya mpango wa kazi, kabla koleo ya shofere haijaugusa. Mpango wa safari ufanywe kwa mwendo wa chombo. Hapo chombo hakitakuwa tena adui wa shofere. Kitakuwa shahidi wake: akiulizwa kwa nini safari ni 10, anaonyesha mwendo ulioandikwa humo.

MAMBO YASIYOFANYWA NA CHOMBO

Mashofere wana malalamiko mengine mawili ninayoyasikia mara nyingi, na yote mawili yana ukweli ndani yake.

La kwanza ni mteremko. Kizuizi cha kawaida kinazuia mazutu tu. Kamio iliyojaa ikishuka kilima, haisukumwi na mazutu, inasukumwa na uzito wake, na kizuizi hakina la kufanya. Kontere, ile saa ya mwendo, itapita 40, itapita 50, na chombo kitalia bure. Hapo kazi ni ya shofere: kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na kutumia freni ya injini, ili freni za magurudumu zisipate moto na kukosa nguvu. Anayengoja chombo kimshike katika mteremko amekiomba kazi isiyo yake.

La pili ni kupita mwenzako. "Niko katikati ya kumpita, chombo kinanikamata, na mbele kunakuja motokari!" Ni kweli, inatisha. Lakini hesabu inasema nini? Kamio yako ina kizuizi cha 80, na ile ya mbele inakwenda 75. Ili uipite yote na kurudi mahali pako salama, unahitaji kuizidi kwa mita kama 70. Kwa tofauti ya kilometa 5 kwa saa, hiyo ni sekunde 50, na katika sekunde 50 umetembea zaidi ya kilometa moja upande usio wako. Kwenye barabara ya Lubumbashi na Likasi, pamoja na kamio zote zile za shaba, ni wapi unaona kilometa moja tupu, tena ikiongezewa ile ambayo mwenzako wa mbele anakuja nayo? Usianze. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa kama 120. Anayekwenda 100 anamtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 18, tena ikiwa barabara ni wazi mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo hamjaliona hata siku moja.

Chombo hakijui pia kwamba umetoka zamu ya usiku na macho yanafumba. Hakisikii harufu ya pombe. Vumbi likifunika njia, au mvua ikipiga kioo, mwendo wa 40 ulioandikwa unaweza kuwa mkubwa mno, na chombo kitanyamaza kimya kwa sababu kwake 40 ni 40.

Ninyi abiria wa basi ya wafanyakazi, nanyi mna sehemu yenu. Kengele ikilia mbele, mara nyingi nyuma inasikika sauti: "Songa, papa, tunachelewa!" Anayesema hivyo amekaa kiti cha nyuma na hana mkaba. Nyamazeni. Au semeni kama Teetor.

Kwa mafundi na mashofere, maneno machache ya mwisho ya kazi. Asubuhi, unapotazama mafuta na maji, tazama pia kama alama ya kufunga chombo, ile risasi au plastiki yenye namba, ni nzima. Ikiwa imekatwa, sema kabla ya kuondoka, maana ukiisha kuondoka itahesabiwa ni wewe. Kama garaji imefunga magurudumu makubwa kuliko yale ya kwanza, chombo kinachohesabu mizunguko ya magurudumu kipimwe upya: gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na kontere itakuambia 40 wakati kweli umepita. Na chombo kikilia bila sababu, usikipige ngumi. Andika katika kitabu cha motokari tarehe, saa, mahali ulipokuwa, na mwendo ulioonyeshwa na kontere. Fundi akipata mambo hayo manne anajua pa kuanzia. Akipata maneno "chombo kimekufa" peke yake, atakurudishia motokari kama ilivyo.